Centralia: Mji wa makaa ya mawe uliobaki na wakazi watano

CENTRALIA ni mji mdogo katika kaunti ya Columbia, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Barabara zake zingali zinakatana kwa mistari iliyonyooka kama zilivyochorwa na waanzilishi wake, lakini kando ya nyingi kati ya hizo hamna nyumba. Ni vichaka na nyasi tu. Sensa ya 2020 ilipofanywa, watu watano pekee ndio waliohesabiwa humo. Mwaka wa 1890 wakazi walikuwa 2,761.

Je, mji uliokuwa na mabenki, makanisa na mikahawa uliangamia vipi bila vita, mafuriko wala tetemeko la ardhi?

Asili ya Centralia ni makaa ya mawe. Milima ya mashariki mwa Pennsylvania imejaa makaa ya aina ya anthrasaiti, ambayo ni magumu na hutoa joto kali kwa moshi mchache. Katika miaka ya 1850 mhandisi wa migodi, Alexander Rae, alifika huko kwa niaba ya kampuni iliyomiliki ardhi, akapima viwanja na kuchora mitaa. Reli ilipofika, machimbo ya kwanza yalifunguliwa mwaka wa 1856, na miaka 10 baadaye makazi hayo yakatambuliwa rasmi kuwa mji.

Wengi wa waliomiminika huko walikuwa wahamiaji, hasa kutoka Ireland. Uhusiano kati yao na wenye migodi haukuwa mwema. Oktoba 1868, Rae mwenyewe aliviziwa na kuuawa akisafiri kwa gari la farasi kuelekea mji jirani.

Hata hivyo, biashara ilinawiri. Kwa miongo kadhaa karibu kila familia ilimtegemea mtu aliyeshuka mgodini. Mambo yaligeuka baada ya kuporomoka kwa uchumi wa dunia mwaka wa 1929. Migodi mikubwa ilifungwa na vijana wakaanza kutafuta riziki kwingineko. Waliobaki waliingia kwenye mahandaki yaliyoachwa na kuchimba bila kibali, wakikwangua hata nguzo za makaa zilizoachwa makusudi ili kushikilia paa. Mahandaki mengi yakaporomoka. Kufikia 1950 wakazi walikuwa wamepungua hadi 1,986, na mwaka wa 1960 wakawa 1,435.

Kupungua huko kulikuwa kwa kawaida ya miji ya migodi. Lililofuata halikuwa la kawaida.

Mnamo Mei 1962, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliofariki ikikaribia, baraza la mji liliamua kusafisha jaa la taka lililokuwa karibu na makaburi. Jaa hilo lilikuwa ndani ya shimo la machimbo ya zamani. Kulingana na maelezo yanayokubaliwa na wengi, taka zilichomwa moto kisha zikazimwa kwa maji, ila cheche zilisalia chini na kupenya kwenye ufa hadi zikafikia mwamba wa makaa. Moto ukaingia ardhini.

Ni vigumu mno kuzima moto wa aina hiyo. Makaa yenyewe ndiyo kuni, nayo yametanda chini ya milima. Mahandaki ya kale na nyufa za paa zilizoporomoka hupitisha hewa, hivyo moto haukosi oksijeni hata ukiwa makumi ya mita chini ya ardhi. Ukimwagiwa maji upande mmoja, huendelea upande mwingine.

Juhudi za kwanza zilikuwa kuuchimbua moto kabla haujasambaa, lakini fedha zilizotengwa ziliisha kazi ikiwa haijakamilika. Baadaye mashimo yalitobolewa na kujazwa mchanga na majivu ili kuunyima moto njia. Haikufaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Centralia ulizidi kupanda bei mwaka baada ya mwaka: uchunguzi uliofanywa 1983 ulikadiria kwamba kuuchimbua moto wote kungegharimu zaidi ya Dola milioni 660.

Wakati huo wote watu walikuwa wakiishi juu ya moto huo. Wengine walifurahia theluji kuyeyuka upesi katika bustani zao. Furaha hiyo ilikatizwa na hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, ilipoanza kuingia katika vyumba vya chini vya nyumba. Mwaka wa 1979 petroli ndani ya tangi la kituo cha mafuta ilipatikana ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 77. Februari 1981 ardhi ilititia ghafla chini ya miguu ya mvulana wa miaka 12 aliyekuwa katika ua wa nyanya yake. Alijishikilia kwenye mizizi ya mti hadi binamuye alipomvuta nje.

Tukio hilo liliwafanya wanasiasa kusikiza. Kufikia 1984 Bunge la Congress lilikuwa limetenga Dola milioni 42 za kuwanunulia wakazi nyumba zao na kuwahamisha. Mji uligawanyika. Baadhi waliona fidia hiyo kuwa wokovu. Wengine walishikilia kwamba nyumba zao hazikuwa hatarini, na wengine wakashuku kuwa nia ilikuwa kuwanyang'anya makaa yaliyo chini yao. Majirani wa miaka mingi wakawa hawasalimiani.

Takwimu za sensa zinajieleza. Mwaka wa 1980 wakazi walikuwa 1,017. Mwaka wa 1990 walikuwa 63, mwaka wa 2000 walikuwa 21, na mwaka wa 2010 walikuwa 10. Mnamo 1992 serikali ya jimbo ilitumia sheria ya kutwaa ardhi na kumiliki nyumba zote zilizobaki. Miaka 10 baadaye idara ya posta ikafuta nambari ya posta ya mji huo.

Wachache waliokataa kuondoka walikwenda mahakamani. Kesi yao ilikamilika Oktoba 2013 kwa makubaliano: wataishi katika nyumba zao hadi mwisho wa uhai wao, kisha mali hiyo itakuwa ya serikali.

Kanisa dogo jeupe la Wakatoliki wa Ukraine, lililojengwa 1911, lingali limesimama mlimani, juu ya mwamba usio na makaa. Waumini wake hutoka miji mingine kuja kusali. Makaburi nayo hutunzwa, na baadhi ya waliohama zamani hurudishwa huko kuzikwa. Chini yao moto ungali unawaka, na wataalamu wanakadiria kuwa unaweza kuendelea kwa zaidi ya miaka 200.