Je, Wajua? Msonge na Tembe Ndani ya Jiji

Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, kinahifadhi nyumba za asili za makabila ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Hapo utaona nyumba ya msonge ya Wahaya, ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni hadi chini, na nyumba ya tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo linalofaa nchi ya mvua haba. Makumbusho ya wazi ya namna hii yana historia ndefu: Skansen, mojawapo ya yale ya mwanzo duniani, yalifunguliwa na Artur Hazelius mjini Stockholm, Uswidi, mwaka 1891. Lakini nyumba za asili hazidumu zenyewe: nyasi huoza, mchwa hula miti. Kuhifadhi ni kuezeka na kukandika upya kila mara. Ujuzi huo nao ni urithi: wapelekeni watoto wakajionee.