Maji ya Bwawa la Nyumbani, Sehemu ya Tatu: Nani Anaupima Mtambo Unaopima?

Niliitwa katika boma moja karibu na Keroka, upande wa Nyamira, nikatazame bwawa la kuogelea lililokuwa likiwawasha watoto macho. Mwenye nyumba anaishi Minnesota, kama wengi wa ndugu zetu Abagusii waliojenga nyumbani huku wakitafuta riziki ng'ambo. Alikuwa amenunua mtambo wa kisasa: sanduku jeupe ukutani, vihisi viwili ndani ya bomba, pampu ndogo mbili, moja ya klorini na nyingine ya asidi, na programu ya simu ya kumpelekea namba huko aliko. Namba ya pH ilipendeza. Ilikuwa 7.4 asubuhi, 7.4 mchana, 7.4 usiku.

Kijana anayetunza bwawa alinivuta kando. "Mwalimu," akasema, "hiyo namba haijabadilika tangu Pasaka."

Nilikichomoa kihisi cha pH, nikakisuuza, nikakitumbukiza katika kikombe chenye maji maalumu ya kupimia ambayo pH yake ni 4. Skrini ikasema 7.4. Nikakihamishia kikombe cha 7. Skrini ikasema 7.4. Nilipokiinua juani nikaona ufa mwembamba kama unywele kwenye tone la kioo lililo nchani mwake.

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza kichujio cha mchanga na mzunguko wa maji. Leo tuutazame mtambo huu unaopima maji na kuyatia dawa wenyewe, kwa sababu unaanza kuonekana katika nyumba na hoteli za Kisii na Nyamira, na wengi wanauziwa kana kwamba ukishafungwa ukutani kazi imekwisha.

Kihisi cha pH ni kioo chembamba kilichojazwa maji ya chumvi ambayo asidi yake inajulikana. Maji ya bwawa yakikigusa kioo kwa nje, tofauti ya asidi kati ya ndani na nje huzaa umeme mdogo sana, kama milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH maji yakiwa na joto la nyuzi 25. Kipimo chenyewe cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Sørensen, mwanakemia wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Mwaka 1934 Arnold Beckman wa California akatengeneza mashine ya kuusoma umeme huo mdogo bila taabu, na haja iliyomsukuma ilikuwa kupima ukali wa maji ya ndimu. Sanduku lile la Keroka ni mjukuu wa mashine hiyo.

Sasa fikiria kioo kikipasuka. Maji ya ndani na ya nje yanachanganyika, tofauti inatoweka, na umeme unakuwa sifuri. Kwa mtambo, sifuri ni pH 7 au karibu yake. Ndiyo maana kihisi kilichokufa huonyesha namba ya kupendeza, na ndiyo maana namba isiyobadilika inapaswa kumtia mtu hofu kuliko namba mbaya. Maji yaliyo hai hubadilika. Jua likiwaka, mvua ikinyesha, watoto kumi wakiingia, lazima namba isogee.

Kihisi cha pili kina ncha ya platini, na wengi hukidhania kinapima klorini. Hakipimi klorini. Kinapima nguvu ya maji ya kuunguza uchafu na vijidudu, kwa milivolti, na mafundi wengi hukiita redoksi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu mabwawa ya kuogelea unasema maji yanayovuka milivolti 720, yakipimwa kwa kulinganishwa na elektrodi ya fedha, yako katika hali nzuri dhidi ya vijidudu. Mwongozo huohuo unataka pH iwe kati ya 7.2 na 7.8.

Namba hizo mbili zimefungamana. Klorini ikiingia majini hugawanyika sura mbili, moja kali inayoua, nyingine dhaifu iliyo kama akiba. pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini ni ile kali, kwenye 7.5 ni kama nusu. Kwenye 8 imebaki robo. Kwa hiyo mtu anaweza kumwaga dawa mara mbili ya jirani yake na bado maji yake yakawa dhaifu kuliko ya jirani.

Nilitoa vipimo vyangu vya mkono, vile vya matone na vidonge. pH ya kweli ilikuwa 8.2. Klorini ilikuwa miligramu 6 kwa lita, nyingi mno kwa bwawa la watoto. Hata hivyo kihisi cha platini, ambacho chenyewe kilikuwa kizima, kilisoma milivolti 580. Mtambo ulikuwa unaona maji dhaifu na kuongeza klorini. Klorini ya maji inapandisha pH. pH ikipanda nguvu inashuka. Mtambo unaongeza tena. Pampu ya asidi, iliyopaswa kuvunja mzunguko huo, ililala usingizi kwa sababu skrini ilisema 7.4. Macho ya watoto yalikuwa yakiwasha kwa sababu hiyo.

Lakini ufa wa kioo haukuweza kueleza kila kitu. Nikapima mambo mawili ambayo mtambo hauna macho ya kuyaona, na hapa ndipo kiini cha makala ya leo kilipo.

La kwanza ni ualkali, yaani akiba ya baikaboneti iliyoyeyuka majini, inayoizuia pH isirukeruke. Bwawa hutakiwa kuwa na miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Kule Keroka nilikuta 30. Sikushangaa. Bwawa lile lilijazwa maji ya mvua kutoka paani, na maji ya mvua karibu hayana akiba hiyo hata kidogo. Huku kwetu mvua ni nyingi na imeilowesha na kuichuja ardhi kwa karne nyingi; kuanzia Nyansiongo hadi Ogembo chai imekubali kwa sababu udongo wetu una asidi. Mwenye bwawa Mombasa, penye mwamba wa matumbawe uliojaa chokaa, ana shida iliyo kinyume na yetu. Maelekezo yanayokuja na mtambo hayajui tofauti hiyo. Ukiufunga kwenye maji yasiyo na akiba, tone la asidi litaiangusha pH shimoni na tone la klorini litairusha juu, na pampu mbili zitashindana mchana kutwa huku zikikunywea dawa ya pesa nyingi.

Hesabu yake si ngumu. Bwawa lile lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5, hivyo ni lita 48,000. Kupandisha ualkali kwa miligramu 60 kunahitaji kama kilo 4.8 za baikaboneti ya sodiamu, ile ile ya kuumulia mandazi. Usitie magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi ukidhani ni kitu kimoja. Magadi ni makali zaidi, yataipandisha pH ghafla kabla ya akiba kujaa.

La pili ni asidi ya sayanuriki, ambayo wauzaji huiita kinga ya jua. Tuko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta, na mji wa Kisii uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi. Jua la hapa huiteketeza klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinafaa. Tatizo ni kwamba kinga hiyo haipungui kirahisi. Vile vidonge vikubwa vyeupe vya trikloro huileta ndani yake: kila miligramu 10 za klorini huja na miligramu 6 za kinga, klorini inatumika na kinga inabaki. Ukitia miligramu 2 za klorini kwa siku, miezi mitatu inatosha kukufikisha zaidi ya 100. Kinga ikizidi huifunga klorini isifanye kazi, na kihisi cha platini kinasoma chini hata bwawa likinuka dawa.

Kijana alinionyesha ndoo tupu. Fundi wa kwanza aliacha vidonge, akamwambia aweke kimoja katika kikapu cha kuchotea majani kila kikiisha, na ndoo ilipokwisha ndipo wakahamia klorini ya maji. Nikachanganya maji na dawa ya kipimo, nikayamimina polepole katika mrija wenye alama nyeusi chini, tukainama pamoja kutazama. Alama ilipotea mapema sana. Ilikuwa 110. Vidonge hivyo pia vina asidi, na ndivyo vilivyomalizia kuila akiba ndogo ya ualkali iliyokuwapo.

Kabla sijaeleza tulivyolitibu bwawa, kuna jambo la stima ambalo naomba kila mwenye mtambo asome mara mbili. Nyumba nyingi siku hizi zina betri na inveta kwa ajili ya stima inapopotea. Pampu kubwa ya kuzungusha maji ni nzito kwa inveta, kwa hiyo fundi huiacha kwenye stima ya kawaida, na sanduku la dawa, ambalo halili umeme mwingi, hulichomeka kwenye soketi yenye inveta. Stima ikikatika, maji yanasimama bombani lakini sanduku liko macho. Vihisi vinagusa maji yaleyale yaliyotuama, vinaona hayabadiliki, na pampu ndogo zinaendelea kudunga klorini na asidi ndani ya bomba moja. Klorini ya maji ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Stima ikirudi, pampu kubwa inaisukuma gesi hiyo yote bwawani, penye vichwa vya watoto.

Jambo hili limewahi kupeleka waogeleaji hospitalini katika nchi tajiri zenye wakaguzi. Dawa yake ni rahisi: sanduku la dawa lipate umeme kupitia swichi ya pampu kubwa, ili moja ikifa na nyingine ife, na bombani iwekwe swichi ya mtiririko inayokataa kudunga maji yasipotembea. Tundu la asidi liwe mbali na la klorini. Mitungi isikae rafu moja, wala kikombe cha kupimia kisitumiwe kwa zote mbili. Nyanda zetu za Gusii zina radi kali, kwa hiyo waya wa ardhini na kikinga radi visiachwe kwa ajili ya kupunguza gharama. Radi moja ya alasiri inaweza kuunguza sanduku zima.

Weka pia kikomo cha dawa kwa siku. Kwa lita 48,000, kupandisha klorini kwa miligramu 1 ni gramu 48, sawa na mililita 480 za klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 10. Kikomo cha lita moja na nusu kwa siku ni kama miligramu 3, kinatosha siku ya kawaida. Mtambo ukigonga kikomo siku tatu mfululizo, usikipandishe. Kuna kitu majini ambacho hauoni. Wala mtambo, hata uwe mzuri namna gani, hauponyi kila kitu. Kijidudu cha kriptosporidiamu, kinacholeta kuhara, huishi siku kumi hivi katika klorini ya miligramu 1, ilhali bakteria wa E. koli wengi hufa chini ya dakika moja. Mtoto anayehara asiingie majini, hata namba zikiwa za kupendeza.

Nilimpigia mwenye bwawa siku ileile. Huku ilikuwa saa sita mchana. Kwake ilikuwa saa kumi alfajiri, na alipokea akidhani kuna msiba. Nilimwambia namba anazoziona haziwezi kumfaa kuliko kijana aliye pale, na kwamba kijana huyo aliijua hitilafu tangu Pasaka ila hakuna aliyewahi kumwambia kuwa anaruhusiwa kubisha na mashine. Akakubali kijana anunuliwe vipimo vya mkono, kihisi kipya, na vichupa vya maji ya 4 na 7. Sasa kila Jumatatu kijana anakisahihisha kihisi, kila asubuhi anapima kwa mkono na kuandika namba mbili daftarini, ya mtambo na ya kwake. Zikipishana, ya mkono ndiyo inayoaminiwa. Kihisi hakiachwi kikauke. Pampu ikizimwa kwa muda mrefu kinahifadhiwa katika maji ya chumvi ya potasiamu.

Njia ya kawaida ya kuondoa kinga iliyozidi ni kumwaga maji. Ilibidi nusu ya maji, lita 24,000, yatoke ili 110 iwe 55. Lakini chini ya boma lile kuna kidimbwi cha samaki cha jirani, na chini zaidi kijito. Anayefuga samaki huku, hasa aliyewahi kufika kituo cha utafiti wa samaki cha Kegati, anajua kwamba klorini kidogo tu huharibu mashavu ya perege. Tulizima pampu za dawa, tukafunga lango la bwawa, tukangoja. Kila jioni kijana alitumbukiza kidonge cha kipimo katika chupa ndogo, na kila jioni maji yakageuka waridi, hafifu kuliko jana.

Siku ya sita kidonge kiliyeyuka na maji yakabaki maangavu. Akanitumia picha. Nikamwambia aelekeze mpira kwenye majani ya nepia, mbali na kidimbwi, na afungue valvu robo tu.