NG'OMBE WA MAMA AGEUKA NGURUWE!

MSOMAJI, kama unadhani baridi iko Mbeya na Arusha tu, basi hujafika Kumsenga. Kule Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, alfajiri ya Juni na Julai inang'ata kweli kweli. Mtoto wa Dar ukishuka kwenye basi na kitopu chako, umekwisha.

Mama yangu yuko kule. Aliniambia, "Mwanangu, nataka sweta, lakini siyo la mtumba lenye picha za Wazungu wanateleza kwenye barafu." Alitaka lenye ng'ombe wa kwao, wale wenye mapembe marefu yanayopinda kwenda juu, kama wa marehemu babu. Wa mwisho aliuzwa nilipochaguliwa kwenda kidato cha kwanza.

Duka gani linauza hilo? Nikaamua kufuma mwenyewe, la vifungo, ili avae bila kuvua kilemba.

Uzi dukani bei haishikiki, nikavamia mitumba kutafuta masweta ya kufumua. Hapa wengi wanaliwa, na mimi nililiwa. Geuza sweta nje ndani, tazama mshono wa ubavuni. Ukiona limepigwa ovaloki achana nalo, kitambaa kilikatwa kwa mkasi, utaambulia vipande vifupi vifupi. Langu jeusi lilikuwa hivyo. Hela ikaenda, nikanunua jingine.

Kisha nikachora ng'ombe kwenye daftari la hesabu, chumba kimoja kishono kimoja. Ng'ombe bomba! Nikakesha naye wiki tatu. Mgongo ulipoisha nikautandika kitandani. Lahaula! Mnyama mfupi, mnene, pembe zimekuwa masikio. Shoga yangu akauliza, "Nguruwe wa nini tena?"

Kumbe kishono si mraba bwana, upana wake unazidi urefu. Kwenye kazi yangu, sentimita 10 zilikula vishono 20 kwa upana, lakini mistari 26 kwenda juu. Ng'ombe wa daftari lazima abonyee. Dawa ni kumchora mrefu kupita kiasi, kwenye karatasi afanane na twiga.

Halafu kuna uzi unaopumzika. Ukifuma kwa rangi ya maziwa, mweusi unapita nyuma. Niliuvuta mno, kitambaa kikakunjamana kama uso wa mdaiwa. Ukiulegeza sana nao, vidole vinanasa kila ukivaa. Kila baada ya vishono vinne au vitano, uzungushie mwenzake mara moja, unatulia.

Nikafumua yote. Sikufichi, machozi yalinitoka. Mama anapiga simu, "Limefika wapi?" Namjibu liko mikononi. Uongo haukuwa.

Juni iliyofuata nikampelekea. Akaligeuza, akampapasa ng'ombe kwa kidole, kimya. Nikajua nimenoa tena.

"Mbona pembe zote nzima?" akasema. "Yule aliyekusomesha, ya kushoto ilikuwa imevunjika."

Akalivaa hapo hapo. Usiku akalala nalo.