Umeme ukirudi kompyuta ya stoku haipatikani? Iite kwa jina, siyo kwa namba

Somo la leo ni fupi, ila mimi limenigharimu mteja.

Nyumbani nina kompyuta ya mezani yenye picha za bidhaa na faili la stoku. Mdogo wangu anajibu wateja chumba cha pili kwa laptopu, na faili analifungua kupitia waifai. Nilimwekea njia ya mkato kwa namba ya ile kompyuta, 192.168.1.14. Ikawa inafunguka bila shida.

Siku moja umeme ukakatika, ukarudi. Dogo anabonyeza, haifunguki. Wateja wamejaa inboksi, akaona atumie nakala ya zamani aliyokuwa nayo. Akauza raba namba 39 ambazo mimi nilishaziuza jana yake, na ilikuwa pea moja tu! Nikarudisha hela na kuomba radhi. Yule mteja hajarudi mpaka leo.

Kompyuta haikuwa mbovu. Ilikuwa imebadilishiwa namba.

IKO HIVI
Ruta yako ni kama mtu wa mapokezi gesti. Kila kifaa kinachoingia anakipa namba ya chumba, tena kwa muda. Utaratibu huo unaitwa DHCP. Ruta ikizima ikasahau orodha yake, au muda ukiisha kifaa kikiwa kimezimwa, kinaweza kupewa namba nyingine. Kompyuta yangu ilipewa 9, ile 14 ikachukuliwa na simu. Mgeni akihamishwa chumba jina lake linabaki lile lile, kwa hiyo muulizie kwa jina.

FANYA HIVI
1. Ipe kompyuta jina fupi. Kwenye Windows nenda Settings, System, About, halafu "Rename this PC". Andika mfano DUKA, bila kuacha nafasi, herufi zisizidi 15. Izime na kuiwasha upya.

2. Kwenye laptopu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\DUKA kisha Enter. Utaona mafolda uliyoshea. Tengeneza njia ya mkato mpya kutoka hapo, ile ya namba ifute. Kompyuta za Mac na printa nyingi za waifai, jina lake linaishia na .local, mfano duka.local.

3. Jina likigoma, angalia kama vifaa vyote viwili viko kwenye waifai moja (siyo ile ya wageni), na kama Windows imeuweka mtandao wako kuwa "Private".

4. Kwa uhakika zaidi, mwambie mtu wa mapokezi atunze chumba. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, tafuta "Address Reservation" au "Static Lease". Chagua kompyuta yako, ipe namba, hifadhi. Hii inasaidia sana simu za Android za zamani, maana nyingi hazielewi .local.

Angalizo: ruta inaitambua kompyuta kwa anwani ya MAC, na ya waifai ni tofauti na ya waya. Ukihama kutoka waifai kwenda waya, sajili upya. Ukibadilisha ruta, vivyo hivyo.

KOSA LA KUEPUKA
Usiandike tu namba kwa mkono ndani ya kompyuta bila kuiambia ruta. Ruta inaweza kukipa kifaa kingine namba hiyo hiyo, vikagongana, na vyote vikaanza kusumbua.

Ukimaliza, jipime: zima ruta na kompyuta, washa tena, fungua faili. Likifunguka, uko salama. Usisubiri umeme ukatike ndiyo ujue.

Umekwama hatua ya ngapi? Niandikie hapo chini. Na mtagi mwenzako anayeuza akiwa na msaidizi.