Ukarabati wa nyumba Tunduma: Hela inavujia wapi kabla kazi haijaisha?

Simu ya "bosi, saruji imeisha" ikiingia mara ya tatu ndani ya wiki moja, mwenye nyumba ajue bajeti imeshamponyoka.

Mjini Tunduma hali hiyo inauma zaidi. Wapo wengi wanaokarabati nyumba ili wapate vyumba vya kupangisha, maana mji huu unaopakana na Zambia haukauki wageni: madereva wa malori, wafanyabiashara na watumishi. Chumba kilichoishia kwenye plasta hakileti kodi, na Januari ada ya shule inamsubiri mzazi huyohuyo.

Wengi hulalamikia bei za dukani. Lakini bei inaweza kuulizwa mapema. Kinachomaliza hela zaidi ni kazi kuanza kabla haijapimwa, na malipo kutangulia kazi.

Pima kwanza, nunua baadaye

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye kuta za mita 3. Ukitoa mlango na dirisha, eneo la kupiga plasta ni kama mita za mraba 41. Kwa plasta ya milimita 15 na mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, inahitajika mifuko kama 5 ya kilo 50.

Sasa kama ukuta ni wa matofali ya kuchoma yaliyopinda na plasta ikafika milimita 25 ili kuunyoosha, mifuko inakuwa karibu 8. Chumba ni kilekile, ongezeko ni mifuko mitatu. Kwa vyumba vinne ni mifuko 12 ambayo haikuwemo kwenye bajeti.

Ndiyo maana fundi aje apime na kuangalia hali ya kuta kabla ya kutaja bei. Orodha ya vifaa iandikwe, kisha ipelekwe kwenye maduka matatu ili kulinganisha bei.

Anza na paa

Rangi na vigae ndivyo vinavyovutia macho, lakini bati likivuja, siling bodi na rangi mpya vinaharibika msimu mmoja tu. Mpangilio salama ni paa, kisha nyufa na kuta, umeme na mabomba, halafu plasta. Sakafu na rangi vinakuja mwisho.

Songwe mvua kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, hivyo kazi ya paa ifanyike kiangazi. Wakati wa kununua bati, namba ya geji isichanganye: geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Hela ifuate kazi

Fundi maiko anajulikana kwa jambo moja: akishika hela yote, simu haipokelewi. Dawa yake ni malipo ya hatua kwa hatua. Kwa mfano, ufundi ukiwa Sh800,000, inaweza kulipwa Sh200,000 kila robo ya kazi inapokamilika, na robo ya mwisho itoke baada ya ukaguzi.

Kazi inayopimika, kama plasta na vigae, ni bora ilipwe kwa mita ya mraba. Malipo ya siku yanafaa kwa kazi ndogondogo kama kuziba nyufa. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya shahidi, hata kama fundi ni ndugu.

Bei ya ng'ambo

Nakonde iko hatua chache tu upande wa pili wa mpaka, na bei ya vigae au rangi huko inaweza kuonekana nafuu. Hesabu ikamilike kwanza: kubadilisha hela kuwa kwacha, ushuru wa forodha, usafiri, na namna ya kurudisha mzigo ukikutwa umevunjika. Kupitisha mzigo njia za panya ni kujitafutia hasara, kwani ukikamatwa nafuu yote imepotea.

Kwa vinavyonunuliwa nchini, risiti ya EFD idaiwe. Ni takwa la sheria, na ndiyo ushahidi saruji ikikutwa imeganda.

Akiba na kibali

Nyumba ya zamani huficha mambo. Ukibandua siling bodi unaweza kukuta kenchi zimeliwa na mchwa. Asilimia 10 hadi 15 ya bajeti iwekwe pembeni kwa dharura, isiguswe kwa ajili ya urembo.

Anayeongeza chumba au kubadili muundo wa jengo apate kwanza kibali cha ujzeni kutoka Halmashauri ya Mji, la sivyo anaweza kusimamishwa katikati ya kazi.

Na kama hela haitoshi nyumba nzima, chumba kimoja kimalizwe kabisa kabla ya kugusa kingine. Chumba kimoja chenye mpangaji kinaweza kusaidia kununua saruji ya cha pili. Vyumba vinne vilivyobomolewa haviingizi hata senti.