Bibi Harusi Ametoka Giza Kwenye Picha? Usilaumu Ngozi Yake, Laumu Flashi

Cheki hii. Ni usiku Garissa, harusi imeshika moto, bibi harusi ameingia na gauni jeupe pe na dhahabu imejaa shingoni. Msee wa kamera anapiga picha mpaka memori inajaa. Siku ya albamu, maze! Gauni limekuwa kijivu na uso haujulikani ni wa nani. Halafu unaskia mtu akisema, "Shida ni ako mweusi sana, kamera haiwezi."

Zii. Huo ni uongo. Shida iko kwa hesabu ya flashi, na inatatuliwa kwa setingi moja tu.

Flashi hujuaje iwake kiasi gani?

Ukifinya kitufe, flashi huwaka mara mbili, ni vile zinafuatana haraka unadhani ni moja. Ya kwanza ni ndogo, ya kujaribu. Mwanga wake unagonga watu, unarudi kupitia lenzi, kamera inaupima. Halafu inaachilia ile kubwa ya picha yenyewe. Wenye macho mepesi hupepesa kwa ile ya kwanza, ndio maana kuna shangazi hutoka amefunga macho kila picha.

Kupima mwanga hivi kupitia lenzi ndiko wasee wa kamera huita TTL. Enzi za filamu, Olympus OM-2 ya 1975 ilipima flashi ikiwa bado inawaka, kwa kusoma mwanga ulioruka kutoka kwa filamu. Sensa ya dijitali hairudishi mwanga kama filamu, kwa hivyo kamera za dijitali za Canon na Nikon hutegemea hiyo flashi ya kujaribu.

Hapa ndo inakuchoma

Kamera haijui harusi ni nini. Hesabu yake inaanza na wazo moja: ukichanganya kila kitu kilicho mbele yake, unapata kijivu cha wastani, kile kinarudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Sasa ona:

- Gauni jeupe, dhahabu, dirac ya kumetameta: mwanga mwingi unarudi. Kamera inadhani flashi imezidi, inaipunguza. Gauni linageuka kijivu, uso unazama gizani.
- Buibui nyeusi, suti nyeusi, ama uwanja wenye giza nyuma: mwanga unaorudi ni kidogo. Kamera inaongeza flashi, na mtu anatoka kama amepakwa unga.

Kamera za siku hizi zimejanjaruka. Zinalinganisha mwanga wa kabla ya ile flashi ndogo na wa wakati inawaka, na zinajaribu kupuuza kitu kinachong'aa kupita kiasi. Lakini gauni likijaza picha nzima, bado zinadanganyika.

Fanya hivi

1. Tafuta alama ya radi yenye + na −. Hiyo inarekebisha flashi pekee. Nguo nyeupe, anza na +1, yaani flashi mara mbili. Nguo nyeusi ama giza nyuma, jaribu −1. Ndio, nyeupe unaongeza. Wengi hufanya kinyume.

2. Funga kipimo usoni. Canon wanaita FE lock, Nikon FV lock. Elekeza katikati ya kamera usoni, finya, flashi ndogo iwake, kisha panga picha yako. Kipimo kinabaki cha uso, si cha dhahabu.

3. Kwa ukumbi wenye dari nyeupe, elekeza flashi juu mwanga ushuke polepole. Kwa tenti ya rangi, wacha. Tenti ikiwa ya kijani, bibi harusi naye atakuwa wa kijani.

4. Baada ya picha ya kwanza, vuta skrini uangalie uso. Usikague gauni ukaridhika.

Kama wewe ndio umelipwa doo ya hiyo kazi, jaribu setingi zako mapema, kabla bibi harusi hajaingia. Muombe beste yako asimame na shuka jeupe, kisha na koti jeusi. Ni dakika tano tu. Bibi harusi hawezi kuingia mara ya pili ndio wewe urudie picha.