Sura ya 4: Friza Jipya na Senene Walioharibika

Katika maduka ya vifaa vya umeme, Bukoba kama kwingine, maneno haya huandikwa chini ya risiti au ukutani nyuma ya kaunta: mali ikishauzwa hairudishwi. Wateja huyasoma wakanywea, kana kwamba ni amri ya Bunge. Sheria inasema kinyume chake. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, tuliyorithi kwa Waingereza, kinatia sharti katika mkataba hata kama hakuna aliyelitamka: ukinunua kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, kitu kiwe kizima. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikaongeza ulinzi wa mlaji na kuunda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo imeyakemea maandishi hayo. Bango linamhusu aliyekuta rangi haimpendezi nyumbani. Huyo kweli hana dai.

Wengine huamini kuwa haki yao ni ile kadi ya waranti, na kadi ikipotea wameumia. Kadi ni ahadi ya ziada ya mtengenezaji. Aliyepokea fedha zako ndiye mdaiwa wa kwanza, naye hawezi kukujibu tu, “Nenda kwa wakala Dar.”

Nilikusudia sura hii iende kwa utaratibu: muuzaji, kisha mtengenezaji, kisha ofisi za kulalamikia. Lakini Muleba mazungumzo hayafiki mbali kabla mtu hajataja friza la senene, na nikiri kwamba mfano huo naupenda kuliko mpangilio wangu.

Chukua mama anayefanya biashara ya senene Kamachumu. Mwezi wa Oktoba, kabla ya msimu mkubwa, anashuka Bukoba na kumwambia muuzaji, “Kaka, nataka friza la kugandisha senene, tena wengi kwa mpigo.” Muuzaji anamchagulia. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kadi yoyote, kwa kuwa sheria inasema mnunuzi akitaja shughuli anayokitakia kitu na kutegemea ujuzi wa muuzaji, kitu lazima kiifae shughuli hiyo. Angeingia akataja jina la chapa tu na kulipa, kinga hii ingelegea.

Novemba senene wanaanguka. Friza linanguruma mchana kutwa, lakini asubuhi senene wamelowa na wananuka. Anaitwa fundi, anagusa bomba, anatoa hukumu: gesi imeisha.

Hapa lazima nisimame. Gesi ya friji haiishi. Hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, ikibanwa na kompresa, ikitoa joto nyuma, ikipanuka na kunyonya joto ndani, kisha inarudi ilikotoka, miaka na miaka. Ikipungua, imetoroka mahali. Ikitoroka katika friza la wiki 5 ambalo halijagongwa wala kufunguliwa, tundu lina kila dalili ya kutoka kiwandani, na fundi anayejaza gesi bila kulitafuta anauza mwezi mmoja wa baridi. Dalili zinasomeka kwa macho: barafu inashika kona moja tu, pale gesi inapoingilia, na kompresa haipumziki. Povu la sabuni likipakwa kwenye kiungo kinachovuja, linatoa vipovu. Lipigwe picha hapohapo, huku muuzaji au mtu mwingine akishuhudia.

Ushahidi huo unajibu visingizio karibu vyote. “Ni umeme wa Uganda,” atasema muuzaji, kwa sababu Kagera kwa miaka mingi imelishwa na laini inayotoka Masaka kupitia Mutukula. Umeme huo unashushwa na transfoma zetu kabla ya kufika kwenye soketi, na hata ukipanda na kushuka, kazi yake ni kuunguza: koili za kompresa, saketi ya kudhibiti joto. Hautoboi bomba. (Ukiunguza kweli, dai hilo ni la TANESCO, na usiporidhika unakwenda EWURA, ni shauri jingine kabisa.) “Ulilijaribu mwenyewe dukani.” Ndiyo, taa iliwaka. Ukaguzi unamfunga mnunuzi kwa kasoro ambazo ulipaswa kuzifichua, mathalani mlango uliobonyea; tundu la sindano halijitokezi kwa dakika 5 za kunguruma. Na wale wanaonong’ona kwamba ni kijicho cha jirani wanieleze jirani huyo alishikaje shaba iliyofichwa ndani ya bati na povu. Wakati wanamtafuta mchawi, muda wa kudai unayoyoma.

Maana muda ndio unaowaponza watu. Ukikaa na kitu kibovu kupita muda wa kuridhisha, sheria inahesabu umekikubali: unabaki na haki ya fidia, lakini ya kukikataa na kurudishiwa fedha imekwenda. Fundi wa mtaani akishakata bomba na kujaza gesi, umempa muuzaji hoja nzuri kuliko zote. Basi kataa mapema, kwa maandishi hata ya simu, ukitaja tarehe, namba ya risiti ya EFD na kasoro. Kama friza lililetwa kwako na hamkukubaliana vingine, huna wajibu wa kulibeba tena hadi Bukoba. Kumjulisha muuzaji kwamba umelikataa kunatosha.

Ofisi nizipite haraka. TBS inashughulikia viwango, si marejesho ya fedha zako. FCC ina ofisi ya kanda Mwanza na inapokea malalamiko. Fedha zenyewe, muuzaji akikaidi, zinadaiwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, na msaidizi wa kisheria anaweza kukuandalia maelezo.

Aliyevuka Mutukula akanunua upande wa pili kwa sababu bei ni nafuu, shauri lake liko huko. Uganda ina sheria yake ya mauzo ya mwaka 2017, na si mbaya, lakini wa kuifuata ni yeye mwenyewe, kwa nauli yake.